Ijumaa Hununuliwa. Jumatatu Je?

Dada na kaka yake walikuwa mbele yangu kwenye foleni ya tiketi wakibishana. Kaka alikuwa ameshachagua filamu. Dada akatoa simu, akaperuzi kidogo, akamsogezea kioo usoni.

"Kaka, hii ina arobaini na moja tu."

"Arobaini na moja ya nini?"

"Asilimia. Wahakiki wameikataa."

Kaka akaguna. Akatazama bango ukutani, akatazama tena simu. Walipofika dirishani wakanunua tiketi za filamu nyingine. Mimi nikanunua ya ileile iliyokataliwa, kwa ubishi tu, na nilipoingia ukumbi ulikuwa umejaa hadi safu ya mbele kabisa, ile ambayo mtu hutazama huku amekunja shingo.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kawaida, sina la kusema juu yake. Kilichonisumbua kwa wiki kadhaa ni kile kilichotokea pale dirishani. Namba moja iliwafukuza watu wawili, na ukumbi ukajaa vilevile. Sasa hiyo namba ina nguvu au haina? Na kama haina, mbona studio zinaiogopa?

## Swali la kaka

Tuanze na swali lake, maana lilikuwa zuri kuliko mwenyewe alivyodhani.

Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo ndiyo chimbuko la asilimia nyingi tunazotajiana, haitoi maksi. Inachukua kila uhakiki na kuuweka upande mmojawapo: ameipenda, hajaipenda. Halafu inahesabu walioipenda ni wangapi katika kila mia. Wakifika sitini, filamu inapewa nyanya nyekundu. Wasipofika, inapewa doa la kijani.

Kwa hiyo filamu ambayo wahakiki wote wameiona "si mbaya, inatazamika" inaweza kupata mia kwa mia. Na ile iliyowatoa nusu yao wakishangilia na nusu nyingine wakisonya itabaki na hamsini. Kwa pesa yangu, mimi ningekwenda kutazama hiyo ya pili.

Arobaini na moja, basi, haikuwa na maana kwamba wahakiki wameikataa. Ilikuwa na maana kwamba wanne katika kila kumi waliipenda. Lakini nani ana muda wa kuyachambua hayo akiwa kwenye foleni?

(Jambo dogo la pembeni: tangu 2016 tovuti hiyo inamilikiwa na Fandango, kampuni inayouza tiketi za sinema. Sisemi kwamba wanachezea namba. Nasema tu kwamba mwenye mizani na mwenye duka ni mtu mmoja.)

## Jogoo na alfajiri

Nilidhani jibu litapatikana haraka. Chukua filamu zilizosifiwa, chukua zilizopondwa, linganisha mapato. Zilizosifiwa huingiza zaidi kwa wastani, kesi imekwisha.

Haijaisha. Filamu nzuri husifiwa kwa sababu ni nzuri, na watu huijaza kwa sababu hiyohiyo. Mhakiki anaweza kuwa jogoo tu: anawika, kunakucha, lakini hata asingewika kungekucha.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa masoko, Jehoshua Eliashberg na Steven Shugan, walijaribu kumtenganisha jogoo na alfajiri. Hoja yao ilikuwa hivi: kama uhakiki unawasukuma watu, nguvu yake ionekane zaidi wiki ya kwanza, wakati hakuna rafiki wala jirani aliyekwisha kuiona filamu. Baada ya hapo watazamaji huanza kuambizana wenyewe, na sauti ya mhakiki hufifia. Walichokuta ni kinyume. Uhakiki haukuhusiana sana na mapato ya wiki za mwanzo. Ulihusiana na mapato ya wiki za baadaye na jumla ya mwisho. Wahakiki walikuwa wakitabiri tu, hawakuwa wakimsukuma mtu.

Nikaridhika. Hapo ukumbi uliojaa ulipata maelezo.

Wale ndugu wawili hawakupata.

Mwaka 2003 Suman Basuroy, Subimal Chatterjee na S. Abraham Ravid wakalirudia swali, safari hii wakitenganisha uhakiki mzuri na mbaya wiki baada ya wiki. Wakakuta kwamba uhakiki mbaya hudhuru kuliko uhakiki mzuri unavyosaidia, na kwamba tofauti hiyo huonekana wiki ya kwanza tu. Wakaongeza jambo moja: filamu ikiwa na nyota wakubwa au bajeti nene, makali ya uhakiki mbaya hupungua.

Hilo la mwisho ndilo lililonirudisha nyuma. Huenda nilikuwa nauliza swali moja kuhusu vitu viwili tofauti.

## Kumbi mia nne kwa siku moja

Zamani, filamu nyingi za Marekani zilianza kwenye kumbi chache za miji mikubwa, kisha zikasambaa polepole. Mhakiki alikuwa na muda. Aliandika, watu wakasoma, filamu ikafika kwao wiki au miezi baadaye ikiwa na sifa yake tayari.

Tarehe 20 Juni 1975 studio ya Universal iliitoa Jaws kwenye kumbi zaidi ya 400 kwa mpigo, baada ya kujaza matangazo kwenye televisheni nchi nzima usiku baada ya usiku, kwa gharama ya dola 700,000 hivi. Haikuwa ya kwanza kujaribu mbinu hiyo. Ila ilifanikiwa kiasi kwamba studio zote zikaiga.

Fikiria kilichobadilika. Filamu ikifunguliwa nchi nzima Ijumaa moja, mhakiki na mtazamaji wanafika karibu pamoja. Anayefika kabla yao wote ni mtangazaji. Trela, mabango, mahojiano ya nyota, vibonzo kwenye vikombe vya soda, vyote vinakuja miezi kabla. Kufikia Alhamisi usiku mtu ameshaamua, na uhakiki unamkuta njiani.

Kinachonichekesha ni kwamba Jaws ilikuwa filamu nzuri kwelikweli, na ilijaza kumbi majira yote ya joto kwa sababu watu walirudi na kuwaleta wenzao. Filamu iliyozifundisha studio kununua Ijumaa ilikuwa miongoni mwa zile zisizouhitaji sana ununuzi huo.

Zilizofuata zilihitaji. Leo filamu kubwa inaweza kumeza dola milioni 100 za matangazo, na fedha hizo hazimo kwenye bajeti inayotajwa magazetini. Kumbi nazo huchukua karibu nusu ya kila tiketi. Piga hesabu: filamu iliyotengenezwa kwa milioni 200 na kutangazwa kwa milioni 100 inahitaji tiketi za milioni 600 hivi ili irudishe gharama kwa kumbi peke yake. Ndiyo maana ukisikia filamu "imeingiza milioni 400" na watu wa studio wamenuna, usishangae.

## Fedha peke yake hainunui

Hata hivyo Ijumaa hainunuliwi na kila mwenye fedha.

Machi 2012 Disney waliitoa John Carter, filamu iliyogharimu zaidi ya dola milioni 200. Hadithi yenyewe inatokea sayari ya Mirihi, lakini Mirihi ikaondolewa kwenye jina, likabaki jina la mtu ambaye watazamaji wengi hawakumjua. Trela zilionesha mchanga, viumbe na kurukaruka, bila kusema huyu bwana ni nani na kwa nini tumjali. Wahakiki hawakuiua, waligawanyika, kama kawaida yao. Siku kumi baada ya filamu kutoka, kampuni ilitangaza kwamba inatarajia hasara ya takriban dola milioni 200.

Na kuna kelele zisizogeuka tiketi. Mwaka 2022 Morbius ilipondwa, ikaanguka, halafu mitandaoni ikageuka mzaha wa wiki nzima nzima. Kila mtu alikuwa akiitaja. Sony wakairudisha kwenye kumbi zaidi ya 1,000 mwezi Juni, na wikendi ile ikaingiza dola 300,000 hivi. Gawanya mwenyewe uone kila ukumbi ulipata nini. Watu walikuwa wakiicheka filamu, na kuicheka hakuhitaji tiketi.

Sasa weka kando ya hizo Funke Akindele, mwigizaji na mtayarishaji wa filamu wa Nigeria. Desemba 2023 alipotoa A Tribe Called Judah, kampeni yake ilikuwa yeye mwenyewe: anacheza ngoma mbele ya kamera ya simu, anawaita wasanii wenzake wacheze naye, anazunguka kumbini kuwasalimia watazamaji. Mwanzoni mwa 2024 ikawa filamu ya kwanza ya Nollywood kuvuka naira bilioni 1 kwenye kumbi za Nigeria. Sidhani kuna asilimia yoyote ambayo ingemzuia mtu aliyekwisha kuamua kwenda kumuona Funke. Watu walikuwa wakimlipa mtu wanayemjua kwa miaka.

## Wale wawili kwenye televisheni

Utafiti ulionitoa tongotongo ulichapishwa 2005 na David Reinstein na Christopher Snyder. Walilikamata tatizo la jogoo kwa ujanja ninaoupenda sana.

Gene Siskel na Roger Ebert walikuwa wahakiki wa Chicago waliokuwa na kipindi cha televisheni kilichofuatwa na mamilioni ya Wamarekani, wakitoa hukumu kwa dole gumba: juu au chini. Kipindi hakikuwahi kila filamu. Nyingine waliijadili kabla au wakati wa wikendi yake ya kwanza, nyingine wakaijadili ikiwa imekwisha pita. Ubora wa filamu haubadiliki kwa sababu kipindi kimechelewa. Kwa hiyo, kama filamu iliyosifiwa mapema inafungua vizuri kuliko iliyosifiwa kwa kuchelewa, tofauti hiyo si ya ubora. Ni ya midomo ya wale wawili.

Kwa filamu zote kwa ujumla, athari ilikuwa ndogo. Kwa filamu zilizotoka kwenye kumbi nyingi, karibu haikuonekana. Lakini kwa zile zilizotoka kwenye kumbi chache, na kwa filamu za hisia na maisha, sifa zao zilivuta watu waziwazi.

Hapo ndipo mambo yakakaa sawa kichwani mwangu. Filamu iliyotangazwa kwa dola milioni 100 imeshajieleza kabla mhakiki hajafungua mdomo. Mtu anajua ni ya nani, ni sehemu ya ngapi, inalipua nini. Uhakiki unamwongezea kijiko kimoja baharini. Filamu isiyo na fedha ya matangazo haijulikani na mtu yeyote, na uhakiki ndio tangazo lake, mara nyingi la pekee.

Mhakiki hupiga kelele zaidi pale anaposikilizwa kidogo.

## Morgenstern anarudi ukumbini

Kuna kisa kimoja cha mwaka 1967 ambacho nimekuwa nikikirudia kichwani, kwa sababu ndani yake wahakiki walionekana kuibeba filamu mabegani.

Bonnie and Clyde ilitoka Agosti mwaka huo. Studio ya Warner haikuwa na imani nayo. Bosley Crowther, mhakiki mkuu wa New York Times na mtu aliyeogopwa, aliiponda, kisha akarudi kuiponda tena. Joe Morgenstern wa Newsweek naye akaiponda. Halafu akafanya jambo ambalo wahakiki hawalifanyi: akaenda kuitazama tena, safari hii kati ya watu waliolipa. Akaona ukumbi unavyochemka. Wiki iliyofuata, kwenye gazeti lilelile, akaandika kwamba uhakiki wake wa kwanza haukuitendea filamu haki.

Oktoba, mhakiki Pauline Kael akachapisha makala ndefu kwenye New Yorker akiitetea. Desemba, jarida la Time, ambalo nalo lilikuwa limeibeza, likaiweka kwenye jalada lake. Warren Beatty, aliyeitayarisha na kuigiza ndani yake, alikuwa akiishinikiza studio iirudishe kumbini, na ikarudishwa mwanzoni mwa 1968. Safari hii ikavuma. Ikapendekezwa kwa tuzo 10 za Oscar. Crowther, kwa upande wake, alikuwa ameondolewa kwenye kiti chake cha mhakiki.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa Kael. Mimi nakitilia shaka kidogo. London ilikuwa imeshaipokea filamu kwa shangwe, vijana walikuwa wameshaanza kuiga mavazi yake, na ukumbi ule aliorudi Morgenstern ulikuwa unachemka kabla Kael hajachapisha lolote. Mhakiki hakuwasha moto. Alichofanya ni kumwambia mwenye studio kwamba moto upo, na kumpa sababu ya kuirudisha filamu.

Hiyo nayo ni nguvu, tena kubwa, ila haimlengi mtazamaji. Inamlenga mwenye fedha. Na iliwezekana kwa sababu filamu ilipewa miezi. Leo filamu ikifanya vibaya Ijumaa, Jumatatu wenye kumbi wanapunguza maonyesho, na kufikia Ijumaa ya pili nafasi yake ina mpangaji mwingine. Makala ya Oktoba kuhusu filamu ya Agosti ingekuta imeshahamia kwenye televisheni za majumbani.

## Mvua ya wikendi

Na Jumatatu yenyewe? Baada ya watu wa kwanza kutoka ukumbini, nani anashika usukani?

Mwanauchumi Enrico Moretti alilichunguza hilo kwenye utafiti wake wa 2011. Alitumia idadi ya kumbi ambazo filamu ilipewa kama kipimo cha matarajio ya sokoni, kisha akaangalia ni zipi ziliyazidi matarajio hayo wikendi ya kwanza na zipi zilipungukiwa. Zilizoshtua kwa uzuri ziliendelea kujitenga wiki baada ya wiki. Zilizoshtua kwa ubaya zikaporomoka haraka. Watu walikuwa wanaambizana.

Ila inawezekana pia kwamba watu hufuata mkumbo tu, wanaenda panapojaa. Ndipo akatazama hali ya hewa. Filamu iliyofungua vibaya kwa sababu ya hali ya hewa haijasema lolote kuhusu ubora wake. Na kweli, filamu za namna hiyo hazikuadhibiwa wiki zilizofuata. Watazamaji walitofautisha ukumbi mtupu kwa sababu ya mvua na ukumbi mtupu kwa sababu filamu ni mbovu, bila kuambiwa na mtu.

My Big Fat Greek Wedding ilifungua Aprili 2002 kwenye kumbi 108 tu, bajeti yake dola milioni 5. Haikuwahi kushika namba moja hata wikendi moja. Iliingiza zaidi ya dola milioni 240 Marekani, kwa sababu watu waliwapeleka mama zao.

## Kujificha

Turudi kwenye lile swali la studio na woga wao.

Studio ikijua filamu yake ni mbovu, huwa haiwaoneshi wahakiki kabla. Filamu inafunguliwa kimya, uhakiki unatoka Jumamosi, fedha ya Ijumaa imeshaingia. Mtu mwenye akili angetakiwa kujiuliza: hawajawaonesha wahakiki, basi kuna kitu kinafichwa. Alexander Brown, Colin Camerer na Dan Lovallo walikuta, katika utafiti uliochapishwa 2012, kwamba wengi hawajiulizi. Filamu zilizofichwa ziliingiza ndani ya Marekani kati ya asilimia 10 na 30 zaidi ya zile za ubora uleule zilizooneshwa. Zilipofika nchi nyingine au kwenye kukodishwa, uhakiki ukiwa umeshajulikana, faida hiyo haikuonekana tena.

Humfichi asiye na nguvu. Kwa hiyo mhakiki anaweza kuzuia, japo kidogo, hata kwenye filamu kubwa. Wale ndugu wawili kwenye foleni walikuwa ndio hiyo asilimia.

Na pale isipowezekana kumficha mhakiki, kuna waliojaribu kumtengeneza. Mwaka 2001 jarida la Newsweek liligundua kwamba David Manning, mhakiki aliyekuwa akizimwagia sifa filamu za Sony kwenye mabango, hakuwapo duniani. Walimbuni ndani ya idara ya matangazo, wakamhusisha na gazeti dogo la mji ambalo halikuwa na habari naye. Mwaka 2005 Sony wakakubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza kesi, na watazamaji wa filamu hizo wakaruhusiwa kudai dola 5 kila mmoja. Dola tano! Lakini jiulize kwa nini walijisumbua. Idara yenye mamilioni ya kununua trela na mabango bado ilihitaji sentensi moja yenye jina la mtu asiye wao.

## Filamu za kumbi sita

Kinachonitia wasiwasi sasa si zile filamu za milioni 200. Hizo zina watu wa kuzisemea.

Magazeti ya Marekani na kwingineko yamekuwa yakipunguza wahakiki wa kudumu kwa miaka mingi. Nafasi yao imechukuliwa na asilimia, ambayo inaweza kuonekana tu pale watu wa kutosha walipoandika, na pia na watu wenye wafuasi wengi mitandaoni, ambao hualikwa kwenye uzinduzi wa filamu ambazo mabango yake tayari yapo kila kona. Tunaendelea kupata maoni mengi mno pale ambapo utafiti unaonesha maoni hayabadilishi kitu, na machache mno pale yanapobadilisha.

Studio kubwa zitaendelea kumlaumu mhakiki kila filamu yao inapoanguka. Mwenye haki ya kulalamika ni msambazaji wa filamu ya kumbi sita, anayepiga simu gazetini Jumanne kuuliza nani ataiandika kabla ya Ijumaa, akajibiwa kwamba dawati hilo lilishafungwa na kama angependa kununua nafasi ya tangazo, bei ni hii.